Nyama na Mboga Katika Fraipani Moja

Nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande vyembamba, ikakaangwa kwa moto mkali pamoja na mboga ndani ya fraipani au karai moja, huiva kwa muda usiozidi dakika 12. Ni chakula kinachomfaa mtu aliyeshuka kwenye daladala saa 12 jioni, mwenye watoto wanaosubiri kula na sare za shule ambazo bado hazijapigwa pasi. Hata hivyo, nyumba nyingi hukijaribu mara moja na kukiacha, kwa sababu kinachopakuliwa ni nyama isiyotafunika, mboga zilizolegea na maji ya kijivu chini ya fraipani. Lawama hupewa moto au jiko, navyo mara nyingi havina hatia. Upishi huu huamuliwa buchani na kwenye ubao wa kukatia. Moto huja kumalizia tu.

Mbinu yenyewe ni ya Wachina. Chombo chake ni karai jembamba la chuma lenye kitako cha mviringo, linalokaa juu ya mwali mkali huku mpishi akigeuza chakula bila kupumzika. Maelezo yanayotolewa mara nyingi kuhusu asili yake ni uhaba wa kuni: chakula kikikatwa kidogo kidogo huiva kwa moto wa muda mfupi, hivyo kazi ambayo ingefanywa na kuni hufanywa na kisu. Mwaka 1945 Buwei Yang Chao, daktari wa Kichina aliyekuwa akiishi Marekani, alichapisha kitabu cha mapishi, How to Cook and Eat in Chinese, kilichowaeleza wasomaji wa Kiingereza kanuni za upishi huu: moto mkali, muda mfupi, kugeuza mfululizo.

Afrika Mashariki haikukosa vifaa. Karai la kukaangia maandazi na mihogo lipo karibu kila nyumba, tangawizi na kitunguu saumu vipo, na chainizi huuzwa kwa mafungu katika kila genge la Dar es Salaam. Kilichokuwa kigeni ni kasi. Mpishi wa hapa amezoea kuchemsha nyama kwanza hadi ilainike, ndipo aikaange au aiunge. Hakufanya hivyo kwa kutojua. Alikuwa anaijua nyama yake.

Nyama inayouzwa leo

Ng'ombe wengi wanaochinjwa Tanzania ni zebu wa asili, wenye nundu, waliolishwa nyasi na kutembea umbali mrefu kutafuta malisho na maji. Kenya wapo Boran, Uganda wapo Ankole wenye pembe ndefu. Wengi hufika machinjioni wakiwa na umri mkubwa kuliko ng'ombe wanaonenepeshwa haraka kwa nafaka. Misuli iliyofanya kazi kwa miaka huwa na utando mwingi wa kolajeni, na kolajeni ya mnyama mzima haiyeyuki kwa haraka: inahitaji joto la unyevu kwa saa moja, mbili, hata tatu. Ndiyo maana kuchemsha kuna mantiki.

Kuna sababu ya pili ambayo haisemwi sana. Mnyama akishachinjwa, misuli yake hukakamaa ndani ya saa chache, na ukakamavu huo huweza kudumu siku nzima au zaidi. Baada ya hapo vimeng'enya vilivyomo ndani ya nyama yenyewe huanza kuilegeza polepole. Katika nchi zenye vyumba vya baridi, mzoga huning'inizwa wiki moja hadi mbili au zaidi kwenye joto la karibu na sifuri ili kazi hiyo ifanyike. Kwetu, ng'ombe anayechinjwa alfajiri katika machinjio ya Vingunguti au Dagoretti huweza kuwa sufuriani kabla ya jua kuzama. Mnunuzi hufurahia kuona nyama mbichi bado ina uvuguvugu, kumbe ndiyo iliyo katika saa zake mbaya zaidi kwa upishi wa haraka. Kwa mchuzi wa saa mbili haina neno. Kwa fraipani, nyama iliyolala siku moja au mbili kwenye friji, ikiwa imefunikwa na joto likiwa chini ya nyuzijoto 5, huwa nafuu kwa meno kuliko ya leo. Asiye na friji asijaribu kuilaza. Wadudu wa maradhi hawangoji.

Kwenye bucha, neno "mchanganyiko" lina maana ya nyama na mifupa, na hiyo si ya fraipani. Kinachofaa ni steki, yaani mnofu mtupu, lakini steki nayo si moja. Laini kuliko zote ni sarara, ule msuli mrefu uliojificha chini ya uti wa mgongo, ambao ng'ombe hautumii kwa kazi nzito. Bei yake ni ya juu, na kusema kweli si lazima. Ikikatwa nyembamba, nyama ya paja isiyo na mishipa, au ile ya mgongoni karibu na kiuno, hutoa matokeo mazuri kwa fedha ndogo zaidi. Shingo, kifua na muundi ziachiwe mchuzi na supu. Mnunuzi anayejua anachotaka huomba kipande kizima badala ya kukatiwa, maana muuza nyama hukata kwa haraka, kwa panga au shoka, bila kuangalia nyuzi za nyama zinaelekea wapi. Na mwelekeo wa nyuzi ndio nusu ya siri ya chakula hiki.

Kisu kukingama nyuzi

Kipande cha paja kikitazamwa kwa karibu kwenye mwanga, huonekana kimejaa mistari inayokwenda upande mmoja. Hizo ni nyuzi za misuli, zilizofungwa pamoja na utando. Kisu kikifuata mistari hiyo, kila kipande kitakachotoka kitabeba nyuzi ndefu, na mlaji atazitafuna kama zilivyo. Kisu kikikatiza mistari, kila kipande hubaki na nyuzi fupi za milimita chache, ambazo jino huzitenganisha bila shida. Nyama ileile, fraipani ileile, matokeo mawili tofauti.

Unene unaofaa ni milimita 3 hadi 4. Kuufikia kwa nyama laini inayoteleza ni kazi, hasa kwa kisu butu. Njia ya wapishi wa hoteli ni kuiweka nyama kwenye friza kwa dakika 30 hadi 40, hadi ikaze kwa nje bila kuganda ndani. Hapo kisu hupita kwa utulivu na vipande hutoka sawasawa. Kwa aliyekwisha kuigandisha nyama tangu Jumapili, hali hii hupatikana kinyumenyume: inatolewa friza asubuhi na kuwekwa sehemu ya chini ya friji, na jioni, ikiwa bado ngumu kidogo katikati, inakatwa. Vipande virefu vya vidole viwili vinatosha. Vikiwa na maji ya damu, vipanguswe kwa kitambaa safi au karatasi ya jikoni, kwa sababu zitakazoonekana mbele.

Kulainisha kwa dakika 15

Upishi wa Pwani ulikwisha kutatua tatizo la nyama ngumu inayopikwa haraka, ingawa kwa moto mwingine. Mishkaki huiva juu ya makaa kwa dakika chache tu, na nyama yake hulainishwa mapema kwa papai bichi lililosagwa na tangawizi. Papai bichi lina kimeng'enya kiitwacho papaini, kinachokata protini za nyama vipande vipande. Tangawizi mbichi ina cha kwake, na nanasi bichi pia. Nanasi la kopo halifai kwa kazi hii, kwa kuwa joto la kiwandani limeshaua kimeng'enya chake.

Mpishi wa mishkaki huacha vipande vinene kwenye viungo kwa saa kadhaa. Kwa vipande vya milimita 3 muda huo ni balaa: nyama hugeuka uji kwa nje na kupoteza ladha ya nyama. Kijiko kimoja kidogo cha papai bichi lililosagwa kwa nusu kilo, kwa dakika 15 hadi 20, kinatosha. Papaini haiishii hapo, kwani hufanya kazi kwa nguvu zaidi inapopata joto, hadi moto wenyewe unapoiua.

Wachina hutumia njia nyingine, na kwa siku za kazi huenda ndiyo rahisi zaidi. Robo kijiko kidogo cha bikabonati ya soda (siyo hamira wala poda ya kuumulia keki) huchanganywa na kijiko kimoja kikubwa cha maji, ikasuguliwa kwenye nusu kilo ya nyama na kuachwa dakika 15. Bikabonati hupunguza asidi juu ya nyama, na protini zilizo katika hali hiyo hazijikunji kwa nguvu zinapoguswa na joto, hivyo maji hubaki ndani. Ikizidi, huacha ladha ya sabuni. Kipimo hicho kidogo hakihitaji hata kusuuzwa. Wapo watakaouliza kwa nini isiwe magadi, ambayo bibi zetu wameyatumia kulainisha kande na maharage kwa vizazi. Magadi ya asili ni makali zaidi na kipimo chake hubadilika, na ya maeneo mengi ya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi inayoharibu meno ya watoto. Bikabonati ya dukani ni salama zaidi.

Baada ya hapo nyama hupakwa kijiko kikubwa cha soya sosi, kijiko kidogo cha kornflawa na mafuta kidogo. Kornflawa hufanya ngozi nyembamba juu ya kila kipande, ngozi inayokamata unyevu na baadaye kuushika mchuzi. Papai na bikabonati havitumiwi pamoja. Mpishi achague kimoja.

Wakati nyama inapumzika, mboga hukatwa. Hapa ndipo dakika 15 hizo zinapolipa, kwa kuwa moto ukishawashwa hakutakuwa na nafasi ya kumenya hata kitunguu. Mboga za nusu kilo ya nyama, kwa watu wanne, ni kama gramu 600 zikiwa zimeandaliwa: karoti mbili, hoho moja kubwa au mbili za rangi tofauti, kitunguu maji kimoja kikubwa, konzi mbili za maharage mabichi ya maganda na robo ya kabichi au fungu la chainizi. Karoti hukatwa mshazari, nyembamba, ili ziive haraka. Majani ya chainizi hutenganishwa na mashina. Zaidi ya yote, mboga ziwe kavu. Mboga zilizooshwa na kukatwa zikiwa bado zinachuruzika zinaingiza maji kwenye fraipani, na maji ndiyo adui.

Hesabu ya maji

Nyama kwa kawaida huanza kupata rangi ya kahawia kwenye joto la kuanzia nyuzijoto 140 hivi, pale protini na sukari kidogo zilizomo zinapoungana na kuzaa mamia ya ladha na harufu mpya. Mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza muungano huo mwaka 1912, nao hubeba jina lake hadi leo. Maji huchemka kwenye nyuzijoto 100, na Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, yapata 94 tu. Maana yake ni kwamba maadamu kuna maji chini ya fraipani, nyama haiwezi kuvuka kiwango hicho. Haikaangwi, inachemka. Moto ukiongezwa, maji yatakauka upesi zaidi, lakini nyama haitapata rangi hadi yaishe, na kufikia hapo itakuwa imekwisha kukakamaa.

Nyama mbichi ni maji kwa karibu robo tatu ya uzito wake. Nusu kilo ikimwagwa yote kwa pamoja kwenye fraipani ya sentimita 28, joto la chuma hushuka ghafla na nyama huanza kutoa maji kabla haijapata rangi. Kukausha mililita 100 tu za maji hayo yaliyokwisha kuchemka kunahitaji karibu dakika nne, ikiwa jiko linaingiza kilowati 1 ya joto ndani ya fraipani. Dakika nne ni muda mrefu kuliko ule unaohitajika kuivisha nyama yenyewe.

Ndiyo sababu nyama hukaangwa kwa awamu. Hili ndilo jambo ambalo wapishi wengi hulijua na hulipuuza, kwa kudhani kwamba kukaanga mara mbili kunapoteza muda. Kunauokoa. Robo kilo kwa awamu, vipande vikiwa vimetandazwa bila kupandana, kila awamu dakika moja na nusu: jumla ni dakika tatu, na fraipani hubaki kavu.

Sauti ni kipimo kizuri kuliko saa. Nyama inayokaangwa hutoa mlio mkali, mkavu, unaopasuka pasuka. Mlio huo ukififia na kuwa mvumo wa kuchemka, maji yameshatoka. Nyama iondolewe, maji yamiminwe kwenye bakuli na kuhifadhiwa kwa ajili ya sosi, fraipani ipanguswe na kurudishwa motoni.

Moto na chombo

Fraipani ya chuma kizito, au karai la chuma, hushika joto na kulirudisha haraka. Karai la alumini linafaa pia, ingawa hupoa upesi linapopokea nyama, kwa hiyo awamu ziwe ndogo zaidi. Fraipani isiyogandisha chakula, ile yenye utando mweusi, haifai kuwashiwa moto mkali ikiwa tupu. Utando wake huanza kuharibika ukipita nyuzijoto 260, kiwango kinachofikiwa kwa dakika chache juu ya gesi iliyofunguliwa yote. Anayeitumia aiwashie moto wa wastani mafuta yakiwa ndani tangu mwanzo, na asitarajie nyama yake kupata rangi nzito.

Karai lenye kitako cha mviringo ni zuri juu ya jiko la mkaa, ambapo makaa hulikumbatia, lakini juu ya jiko la umeme la sahani hugusa sehemu ndogo tu. Kwenye mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye kichomeo chake juu, fraipani bapa ndiyo yenye manufaa zaidi. Mkaa ukishika vizuri hutoa joto la kutosha kabisa. Ugumu wake ni kwamba hauna swichi. Mpishi wa mkaa hupunguza moto kwa kuinua karai, na lazima awe na kila kitu mkononi kabla ya kuliteleka. Gesi ina faida ya utiifu, na chakula cha dakika 12 hakili sana mtungi. Tanzania imejiwekea lengo la asilimia 80 ya wananchi kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Vyovyote lengo hilo litakavyokwenda, familia inayohesabu bei ya kujaza mtungi ina sababu nzuri ya kujifunza mapishi mafupi.

Mafuta ya kukaangia yawe yale yanayovumilia joto. Alizeti yaliyosafishwa kiwandani hustahimili zaidi ya nyuzijoto 220 kabla ya kutoa moshi, na mafuta ya mawese yaliyosafishwa hukaribia hapo. Alizeti yaliyokamuliwa kienyeji, yale ya rangi nzito yanayouzwa kwenye madumu kando ya barabara Singida, yana ladha nzuri lakini hutoa moshi mapema, na hivyo yanafaa zaidi kwa moto wa wastani. Siagi huungua upesi. Samli haiungui upesi, na ladha yake inapatana na nyama ya ng'ombe kuliko inavyodhaniwa.

Fraipani hutelekwa kwanza ikiwa tupu (isipokuwa ile yenye utando). Tone la maji likidondoshwa na kuenea huku likitoa mvuke, bado. Likijikunja na kukimbia huku na huko juu ya chuma, joto limefika. Hapo hutiwa vijiko viwili vikubwa vya mafuta, na mara yanapoanza kumeremeta nyama huingia. Haiguswi kwa karibu dakika moja. Kishawishi cha kuigeuza ni kikubwa, lakini kila igeuzwapo hupoteza mguso na chuma, na jiko la nyumbani halina mwali wa mgahawa wa Kichina unaoruhusu kugeuza mfululizo. Ikipata rangi upande mmoja inageuzwa, inapewa nusu dakika, na kutolewa kwenye sahani safi. Siyo sahani iliyobeba nyama mbichi.

Mboga kwa zamu

Zinafuata mboga, kwenye fraipani ileile yenye mabaki ya kahawia ya nyama, ambayo ni ladha wala si uchafu. Zilizo ngumu hutangulia: karoti na maharage mabichi, kwa dakika mbili hadi tatu, na tone la maji likihitajika, kijiko kimoja tu. Kisha kitunguu, hoho na mashina ya chainizi, dakika moja na nusu. Kitunguu saumu na tangawizi iliyokatwakatwa huingia hapo, katikati, kwa nusu dakika. Vikitangulia kwenye mafuta makali huungua na kuwa vichungu kabla karoti haijaiva. Kabichi na majani huja mwisho. Mboga ikishang'aa rangi na bado ina ukinzani kidogo chini ya jino, imeiva. Wale waliozoea mboga zilizolainika kabisa huiona mbichi mara ya kwanza.

Swali la nyanya haliepukiki, kwa kuwa jiko la Afrika Mashariki bila nyanya huonekana halijaanza kazi. Nyanya ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Ikiingia mwanzoni, chakula hugeuka rosti, nayo rosti ni kitu kizuri, lakini si hiki. Asiyeweza kuiacha aikate robo, aondoe mbegu na ute wake, na kuitia dakika ya mwisho.

Sosi huwa tayari kwenye kikombe: vijiko viwili vikubwa vya soya sosi, kimoja cha siki au maji ya ndimu, kijiko kidogo cha sukari au asali, kijiko kidogo cha kornflawa na robo kikombe cha maji. Asiye na siki wala ndimu hutumia ukwaju ulioloweshwa na kuchujwa. Kikombe hukorogwa tena kabla ya kumiminwa, kwa sababu kornflawa huzama. Nyama na majimaji yaliyokusanyika kwenye sahani hurudishwa kwenye fraipani, sosi humiminwa pembeni ili ipate joto inaposhuka, na vyote hugeuzwa kwa dakika moja hadi mchuzi ung'ae na kushika. Ukiendelea motoni zaidi ya hapo utakuwa mzito kupita kiasi na mboga zitaanza kutoa maji yake. Pilipili mbuzi, kotmiri au pilipili manga ni hiari ya mwenye nyumba.

Dakika hiyo moja ndiyo pia inayohakikisha usalama. Nyama ya ng'ombe isiyoiva huweza kubeba mabuu ya tegu, na ukaguzi machinjioni hauyaoni yote. Vipande vya milimita 3 vilivyorudishwa kwenye sosi inayochemka hupita nyuzijoto 70 hadi katikati, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Anayetaka nyama yenye uwekundu ndani atafute upishi mwingine.

Kinachofuatana nacho hutegemea mji na mfuko. Wali huchukua dakika 20 na zaidi, hivyo uinjikwe kabla ya nyama kukatwa. Ugali unaweza kusongwa baada ya mboga kukatwa na kubaki umefunikwa. Chapati za jana zilizopashwa hufaa sana, na tambi zilizochemshwa zinaweza kuingizwa ndani ya fraipani yenyewe.

Kwa upande wa lishe, chakula hiki kina sifa mbili na doa moja. Madini ya chuma yaliyo kwenye nyama hufyonzwa na mwili kwa urahisi, na vitamini C ya hoho na kabichi husaidia kufyonza yale ya kwenye mboga. Kwa kuwa mboga hazikuchemshwa na maji yake kumwagwa, sehemu kubwa ya vitamini hiyo hubaki. Doa ni chumvi. Kijiko kimoja kikubwa cha soya sosi ya kawaida kina zaidi ya gramu 2 za chumvi, karibu nusu ya kiwango cha gramu 5 ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asikivuke kwa siku. Vijiko vitatu vilivyotajwa hapa, vikigawanywa kwa watu wanne, ni kama gramu 1.7 kwa kila mmoja. Kwa hiyo hakuna chumvi nyingine inayotiwa, wala kidonge cha mchuzi. Nyama nayo inaweza kupunguzwa hadi gramu 300 na kabichi kuongezwa bila mlaji kulalamika; upishi huu unapatana vizuri na nyama kidogo.

Kikibaki, kiporo kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili tangu kilipotoka motoni, kikiwa kwenye chombo bapa chenye mfuniko ili kipoe upesi. Kitumike ndani ya siku tatu, na kipashwe mara moja tu, hadi kitoe mvuke pote. Mboga zitakuwa zimelegea, lakini ndani ya chapati ya asubuhi hakuna atakayelalamika.